Majina ya ukoo na safari za mababu wa Pwani

MTU anayepita katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, akasoma majina yaliyoandikwa juu ya milango ya maduka, katika hati za ndoa na kwenye makaburi, atadhani amefunguliwa ramani ya Bahari ya Hindi. Barawi, Bulushi, Shirazi, Hadhrami, Bawazir, Mazrui, Suratwala, de Souza: kila jina ni kama linaashiria bandari au nchi alikotoka mtu wa kwanza kulibeba.

Baadhi ya majina hayo husema kweli. Mengine husema nusu ya kweli tu, na mengine hayahusu mahali hata kidogo, ingawa masikio ya wengi yamezoea kuyasikia hivyo. Ili kuyatofautisha yafaa kujua jina liliundwaje, nani alilitoa, na lilimfaa nani.

Suala hili si la wapenzi wa historia pekee. Kwa miaka mingi kijana wa Kenya mwenye jina la Kinubi, la Kisomali au la Kiarabu alipokwenda kutafuta kitambulisho cha taifa alitakiwa kufika mbele ya kamati ya usaili, alete vyeti vya wazazi na pengine vya babu, na aeleze asili ya ukoo wake. Mwenzake mwenye jina la bara alionyesha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, akaenda zake. Mapema mwaka wa 2025 Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa usaili huo uliolalamikiwa mno, hasa na wakazi wa kaskazini mwa nchi. Kabla ya hapo, Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walikuwa wamesubiri hadi mwaka wa 2016 kutambuliwa kuwa raia. Wapemba wa Kwale na Kilifi wakasubiri hadi 2023. Watu hao walizaliwa Kenya, wakazika wazazi wao Kenya, lakini jina la jamii yao lilitaja mahali pengine, na hilo likatosha kuwafungia mlango.

Tuanze na majina yaliyo wazi. Katika lugha ya Kiarabu, mtu huhusishwa na mahali kwa kuongeza irabu mwishoni mwa jina la mahali hapo. Mtu wa Barawa ni Barawi, wa Hadhramaut ni Hadhrami, wa Shiraz ni Shirazi. Jina la namna hii huitwa nisba, na aghalabu hutanguliwa na Al au El. Waswahili waliipokea desturi hii pamoja na elimu ya dini, nayo ikawa alama ya kumtambulisha mwanachuoni popote aendapo. Sheikh Uways al-Barawi, aliyezaliwa mwaka wa 1847 na kuuawa mwaka wa 1909, alijulikana kwa jina hilo kotekote ilikoenea tarika ya Qadiriyya, Unguja ikiwemo.

Hapa pana jambo ambalo watafutaji wengi hulipuuza. Mtu haitwi kwa jina la mji wake angali yumo mjini mwake. Huko Barawa kwenyewe, kila mtu ni wa Barawa, kwa hiyo jina hilo halimtofautishi yeyote. Nisba ya mahali hupatikana safarini, au huko ugenini mtu anakofikia. Basi ukikuta familia ya Lamu au Mombasa inaitwa Barawi, jina lenyewe ni ushahidi kwamba babu mmoja aliondoka Barawa, na kwamba majirani wapya ndio waliohitaji kumwita hivyo. Halikuambii alikaa huko kwa muda gani, wala kama wazee wake walizaliwa huko.

Mfano mzuri wa hatari hii ni neno Mshihiri. Shihr ni bandari iliyoko katika pwani ya Hadhramaut, nchini Yemen. Waswahili waliona mabaharia na wachuuzi wakishuka kutoka majahazi ya huko, wakawaita Washihiri. Baada ya muda neno likapanuka likawakumbatia Wahadhrami wote, hata waliotoka miji ya bara kama Shibam, Seiyun na Tarim, iliyo mbali na bahari. Mjukuu anayesikia kwamba babu yake alikuwa Mshihiri akaenda kumtafuta Shihr, huenda akarudi mikono mitupu.

Wahadhrami wana namna yao nyingine ya majina, ile inayoanza kwa Ba: Bawazir, Basheikh, Bajaber, Bakathir. Silabi hiyo humtaja babu ambaye ukoo unahesabiwa kwake, wala haitaji mahali. Hata hivyo, kwa kuwa mtindo huu ni wa Hadhramaut hasa, Ba inamwelekeza mtafutaji kwenye nchi moja kwa uhakika zaidi kuliko nisba nyingi zinazotaja mahali waziwazi. Sheikh Abdallah Bakathir, mwanachuoni aliyezaliwa Lamu na kufariki mwaka wa 1925 baada ya kufundisha Unguja kwa miaka mingi, alitoka katika ukoo wa aina hiyo. Lakini tusikimbilie kila Ba. Bakari, mathalani, ni Abu Bakr iliyolainishwa na ulimi wa Kiswahili, na linabebwa na Mdigo, Mbajuni na Mnyamwezi sawasawa.

Kisha kuna majina ya makabila ya Oman ambayo hufanana mno na nisba za mahali. Mazrui si mji. Ni kabila, na wazee wao wanaitaja Rustaq kuwa makao yao ya Oman. Waomani waliiteka Ngome ya Yesu mnamo Desemba 1698, na katika karne iliyofuata Wamazrui wakawa magavana wa Mombasa, kisha watawala wasiomtii mtu, hadi Seyyid Said alipowashinda mwaka wa 1837. Waliosalimika walihama, baadhi wakaenda kusini hadi Gazi na wengine kaskazini hadi Takaungu. Kwa hiyo anayeitwa Mazrui leo hana budi kuuliza maswali mawili. Swali la Oman huvutia zaidi, lakini swali la Gazi au Takaungu ndilo lenye majibu yanayoweza kushikwa kwa mkono: makaburi, misikiti, mashamba, na kumbukumbu za vita vya Mbaruk bin Rashid dhidi ya Waingereza vya mwaka wa 1895 na 1896.

Hali ni hiyo hiyo kwa Nabahani, ukoo uliotawala Pate na baadaye Witu, ambao jina lake ni la wafalme wa bara ya Oman waliokuwa na makao Bahla. Busaidi nao ni kabila. Ahmad bin Said, aliyeanzisha utawala wa ukoo huo katikati ya karne ya 18, alitoka mji wa Adam. Bulushi, kwa upande wake, linataja watu na nchi yao kwa pamoja. Ni askari wa Kibaluchi waliotumikia watawala wa Oman, na wengi wa vizazi vyao wakalowea Mombasa.

Wakati mwingine jina ni lakabu tu. Habib Saleh, aliyeanzisha msikiti na chuo cha Riyadha mjini Lamu na kufariki mwaka wa 1935, alikuwa wa ukoo wa Jamalilleil. Jina hilo lilianza kuwa sifa ya babu mmoja wa masharifu wa Hadhramaut. Habib Saleh mwenyewe alizaliwa Ngazija. Hapo jina lakupeleka Yemen, mtu alikuja kutoka Visiwa vya Komoro, na wajukuu ni watu wa Lamu. Zote tatu ni kweli kwa wakati mmoja.

Pamoja na mvuto wote wa ng'ambo, hazina kubwa zaidi ya majina ya mahali iko hapa hapa nyumbani, nayo ni Taifa Kumi na Mbili za Mombasa. Inashangaza kwamba watu wanaojua kutaja miji ya Oman hawazijui.

Waswahili wa Mombasa walijigawa katika mafungu mawili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Yasome majina hayo polepole. Karibu kila moja ni jina la mahali ambapo unaweza kwenda leo kwa matatu au kwa mashua. Kilindini na Changamwe zimo ndani ya jiji lenyewe. Jomvu iko upande wa magharibi, Mtwapa na Kilifi ni njia ya Malindi. Pate na Faza ni miji miwili ya kisiwa kimoja katika funguvisiwa la Lamu. Shaka ulikuwa mji karibu na mlango wa mto Ozi, ule unaotajwa katika hadithi za Fumo Liyongo. Wabajuni na Wakatwa wanatuelekeza kaskazini zaidi, kwenye visiwa na pwani inayopakana na Kismayu.

Kwa maneno mengine, orodha hii ni kumbukumbu ya uhamaji wa kuelekea kusini. Miji midogo ya kaskazini ilivunjika, mmoja baada ya mwingine, kwa vita, kwa uhaba wa maji au kwa kusonga kwa makabila ya bara, na watu wake wakakimbilia kisiwa chenye ngome na bandari. Walipofika hawakumezwa. Kila kundi lilibaki na jina la mji uliokufa, na wazee wake wa kuwasemea. Magofu ya Mtwapa bado yamesimama msituni, lakini Wamtwapa ni watu wa Mombasa.

Kwa nini basi majina haya hayasikiki sana kama majina ya ukoo katika vitambulisho? Sababu moja ni siasa ya ukoloni. Waingereza waliwagawa wakazi wa Pwani katika mafungu ya Waarabu, Wahindi na wenyeji, na kila fungu likapewa kodi yake, mahakama zake na uwakilishi wake. Kuitwa mwenyeji kulimshusha mtu; kuitwa Mwarabu kulimpa nafuu. Taifa Kumi na Mbili walipigania kwa miaka mingi wasihesabiwe pamoja na wenyeji, na katika hali hiyo jina linalotaja Uarabuni lilikuwa na thamani ambayo jina la Kilifi au Jomvu halikuwa nayo. Mwandishi huyu haoni sababu ya kuwalaumu. Sheria ilipoweka bei juu ya asili, watu walijitahidi kuipata asili yenye bei. Lakini mtafutaji wa leo akikuta nisba ya Kiarabu inaibuka ghafla katika karatasi za mwanzoni mwa karne ya 20, ilhali karatasi za awali zinataja taifa la Mombasa, na ajiulize lililobadilika ni ukoo au ni sheria.

Mjadala mkali zaidi umekuwa juu ya neno Shirazi. Kumbukumbu za Kilwa zinasimulia juu ya mtawala aliyekuja kwa majahazi kutoka Shiraz, Uajemi, na jamii nyingi za Pwani, kuanzia Lamu hadi Komoro, zinadai kutokana na watu hao. Katika visiwa vya Unguja na Pemba neno hilo liliingia hata katika siasa, kikaundwa chama cha Afro-Shirazi mwaka wa 1957. Wanahistoria wengi wa karne ya 20 walisema kwamba Ushirazi ni hadithi ya kujipa heshima, kwamba Waswahili ni Waafrika waliojenga miji yao wenyewe, na kwamba Shiraz ni jina tu.

Mwaka wa 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa chembechembe za urithi za watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania kati ya mwaka wa 1250 na 1800. Miongoni mwa waliouongoza ni mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba. Matokeo yake hayakumpa ushindi mtu yeyote. Kwa wengi wa watu hao, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka kwa wahenga wa Kiafrika, na hao hasa walikuwa wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, na kati ya hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitokana na wanaume wa Uajemi. Watu wa pande hizo mbili walianza kuchanganyika karibu na mwaka wa 1000. Ni baada ya mwaka wa 1500 hivi ndipo damu ya Uarabuni inaongezeka.

Hivyo Waajemi walikuja, kama wazee walivyosema. Lakini walioa hapa, na watoto wao walilelewa na mama waliosema lugha ya hapa, ndiyo maana Kiswahili ni lugha ya Kibantu wala si tawi la Kiajemi. Jina la ukoo, kwa desturi zetu, hufuata baba. Likifuatwa kurudi nyuma vizazi kumi, linamtaja mtu mmoja kati ya wahenga zaidi ya elfu wa kizazi hicho. Wengine wote wamenyamaziwa, na wanawake wote wamo katika hao walionyamaziwa.

Majina ya Wagoa ni onyo kwa yeyote anayeamini sauti ya jina. De Souza ni jina la Ureno, linalotokana na mto Sousa ulio kaskazini mwa nchi hiyo. Je, Fitz de Souza, aliyekuwa naibu spika wa Bunge la Kenya baada ya uhuru, alikuwa na asili ya Ureno kwa kuwa jina lake ni hilo? La. Wareno waliiteka Goa mwaka wa 1510, na familia za Kihindi zilizobatizwa zikapewa majina ya Kireno, mara nyingi jina la padri au la msimamizi wa ubatizo. Ndugu wawili waliobatizwa mbali mbali waliweza kupata majina mawili tofauti. Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi mwaka wa 1965, naye alikuwa Mgoa aliyezaliwa Nairobi. Anayetafuta asili ya majina haya anapaswa kuulizia kijiji cha Goa na parokia yake. Akienda Lisbon atapata jina, mtu hatampata.

Wahindi wa Gujarati wamerahisisha mambo kidogo. Kiambishi wala mwishoni mwa jina humaanisha mwenye kuhusika na kitu fulani: Suratwala ni wa mji wa Surat, Porbandarwala ni wa Porbandar. Tahadhari ni kwamba kiambishi hicho hicho hutumika kwa kazi, kama Lokhandwala, mfanyabiashara wa chuma.

Kuna watu ambao majina yao yalifutwa makusudi. Mwaka wa 1875 wamishenari wa Kianglikana walianzisha kijiji cha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini. Wengi walikuwa watoto walionyakuliwa karibu na Ziwa Nyasa na kusini mwake. Wengine walikuwa wamelelewa kwanza nchini India, wakarudi na majina ya Kiingereza. Mchungaji William Jones wa Rabai, aliyechukuliwa utumwani angali mtoto, hana hata silabi moja katika jina lake inayotaja kijiji alikozaliwa. Familia ya Mbotela ilibahatika kubaki na jina la Kiafrika, na James Mbotela akayaandika masimulizi ya wazee katika kitabu Uhuru wa Watumwa kilichotolewa mwaka wa 1934. Mwanawe, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, alijulikana nchi nzima. Kwa wazao wengine wa Frere Town, kilichobaki ni neno Mnyasa au Myao lililoandikwa kando ya jina la ubatizo katika daftari la kanisa. Wengi waliandikwa hivyo kwa kukisia, kwa kuwa mtoto wa miaka sita hajui nchi yake inaitwaje na wageni.

Bara, majina ya mahali ni machache zaidi, lakini yapo. Miongoni mwa Wakikuyu, Nyokabi ni mwanamke mwenye asili ya Wamaasai, Ukabi. Kwa kuwa wajukuu hurithi majina ya nyanya zao, Nyokabi wa leo huenda hajui neno moja la Kimaasai. Aliyetoka Umaasaini ni nyanya wa nyanya wa nyanya yake. Waluo nao humwita mke kwa nchi ya kwao: nyar Alego, nyar Gem, nyar Seme. Jina hilo haliandikwi katika kitambulisho, na hufa pamoja naye asipoulizwa, ingawa ni mojawapo ya desturi chache za Kenya zinazohifadhi asili ya mama badala ya baba.

Mara nyingine njia hugeuka, na mahali ndipo hupewa jina la watu. Kogelo, kijiji cha Siaya kilichopata umaarufu duniani Barack Obama alipochaguliwa rais wa Marekani mwaka wa 2008, kinaitwa kwa jina la ukoo. Babu yake, Hussein Onyango, aliishi kwanza upande wa Kendu Bay kabla ya kurudi Alego, nchi ya mababu. Jina Obama halisemi lolote kuhusu safari hiyo.

Kwa anayetaka kuanza kazi hii, tatizo la kwanza atakalokutana nalo ni la ukarani. Vyeti vya Kenya hupenda majina matatu, na karani wengi huandika jina la mtu, la baba na la babu, kisha nisba inaachwa nje kwa kukosa nafasi. Kizazi kinachofuata kinasogeza majina hatua moja mbele, na ndugu wa baba mmoja hujikuta hawana jina la pamoja. Tahajia nayo ni mtihani. Mazrui, El-Mazrui, Al-Mazrooei na Mazruy ni jina moja, na daftari lililopangwa kwa alfabeti huyatenganisha mbali.

Palipo na manufaa zaidi ni penye mali na ndoa. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka wa 1908 iliwataka wote wenye kudai mashamba katika Pwani wajitokeze kuthibitisha madai yao, na katika kesi hizo watu walitaja baba, babu na taifa lao mbele ya mashahidi waliokuwa na kila sababu ya kuwapinga wakisema uongo. Nyumba ya Kumbukumbu za Kitaifa jijini Nairobi, na ile ya Zanzibar, ndizo mahali pa kuanzia. Daftari za makadhi nazo hutaja baba wa bibi harusi, jambo ambalo shajara za ukoo, zilizokunjwa katika masanduku ya nyumba nyingi za Lamu na Mombasa, hazifanyi. Shajara itakupa mstari mmoja ulionyooka hadi Tarim au Rustaq. Daftari ya kadhi itakuambia kwamba babu huyo wa Tarim alimwoa binti wa Faza, na kwamba baba wa binti huyo aliitwa kwa jina ambalo hakuna aliyelitamka nyumbani kwenu tangu hapo.